Hewa Isiyo na Mteja

Dagoretti Corner, ndani ya uzio wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, kuna nyasi zilizokatwa fupi na vijumba vyeupe vya mbao vilivyosimama kwa miguu minne, kama mizinga ya nyuki iliyopewa madirisha. Abiria wa matatu za Ngong Road hupita hapo kila siku bila kugeuza shingo. Nimepita hapo mara nyingi mwenyewe (niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo nimekuwa na muda wa kutosha wa kupita mahali). Humo ndani ndimo Nairobi inamopimwa homa.

Kutoka hapo huachiliwa puto. Ratiba ya dunia nzima inataka maputo ya hali ya hewa yapande saa sita usiku na saa sita mchana kwa saa za Greenwich, ambazo kwetu ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Puto hubeba kisanduku chepesi kiitwacho redisondi. Kinapima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, na upepo unajulikana kwa kufuatilia vile kinasukumwa huku na kule. Tangu miaka ya 1990, kwa ushirikiano na Uswisi, baadhi ya maputo ya Dagoretti hubeba pia kifaa cha kupima ozoni. Puto hupanda kama mita 5 kwa sekunde mpaka karibu kilomita 30, likapasuka.

Sasa piga hesabu. Kufika huko juu ni safari ya saa moja na zaidi ya nusu. Mita 100 za kwanza, zile ambazo ndani yake tunapika, tunalala na kungoja gari, puto linazimaliza kwa sekunde 20.

Na kama ni lile la saa tisa usiku, hizo sekunde 20 zinaangukia wakati ambapo hewa ya chini ina tabia ngeni. Imesimama. Halafu, bila taarifa, inashtuka, inajikoroga kwa dakika chache, inasimama tena. Puto likipita katikati ya kimya litaandika kimya. Likipita kwenye mshtuko litaandika mshtuko. Vyovyote vile, halitajua limekosa nini.

Swali linalonisumbua ni la historia. Ilikuwaje mji huu ukaijua hewa ya kilomita 10 juu vizuri kuliko hewa ya mlangoni Kawangware? Nimesoma nilichopata, na jibu langu ni la kibiashara kidogo: hewa haipimwi mpaka ipate mteja.

Tuanze na mteja wa kwanza, ambaye ni daktari wa kikoloni.

Reli ilifika hapa Mei 1899. Wahandisi walipapenda kwa sababu palikuwa tambarare kabla ya mlima kuanza, na palikuwa na maji. Madaktari walilalamika karibu tangu siku hiyo: udongo mweusi, kinamasi, maji yasiyotoka. Tauni ilipoingia 1902, mtaa wa biashara wa Wahindi ulitiwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kutoka Uingereza kukagua usafi wa miji ya Afrika Mashariki, na akapendekeza watu watengwe kwa rangi. Kufikia hapo ilikuwa zaidi ya miaka 10 tangu ijulikane kuwa malaria huletwa na mbu. Lakini neno lenyewe, malaria, ni Kiitaliano cha "hewa mbaya", na mazoea yaliyozaa neno hayakufa siku mbu alipokamatwa. Mwenye uwezo alipanda juu, magharibi na kaskazini ya stesheni. Parklands, Muthaiga, Upper Hill, baadaye Lavington na Karen. Jina Kilimani linajieleza. Mwafrika alipelekwa mashariki, Pumwani miaka ya 1920, kisha mitaa mingine ya Eastlands ikafuata.

Tumezoea kusimuliwa hiyo kama hadithi ya ardhi, na ni ya ardhi kweli. Ila waliopanda juu walikuwa wamegundua jambo moja sahihi kwa sababu zisizo sahihi. Hewa baridi ni nzito, na usiku hutiririka kuelekea chini kama maji. Angalia mteremko: Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, Dagoretti Corner karibu 1,800, katikati ya jiji karibu 1,670, uwanja wa ndege wa JKIA karibu 1,620. Mto Nairobi unatoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita mabonde ya Kangemi na Kawangware, unasalimia Lavington na Chiromo, halafu ndio huo unaingia mjini. Hewa ya usiku hufuata njia iyo hiyo. Ikipita penye moshi, inabeba moshi.

Magharibi, hata hivyo, haikuwahi kuwa ya wakubwa peke yao. Dagoretti ilikuwa hifadhi ya Wakikuyu, ikaingizwa ndani ya jiji mpaka ulipopanuliwa 1963, na hapo ndipo Kawangware na Kangemi zilipozidi kujaa watu, ukuta kwa ukuta na majumba ya Lavington na Loresho. Nitairudia hiyo kuta.

Mteja wa pili alikuja na mabawa. Mwaka 1929 ilianzishwa huduma ya hali ya hewa ya makoloni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi, mkuu wake akiwa Albert Walter, aliyetoka kazi kama hiyo Mauritius. Miaka mitatu baadaye, 1932, ndege za Imperial Airways za kutoka London hadi Cape Town zilikuwa zinapitia Nairobi. Rubani anataka kujua upepo wa juu, mawingu, ukungu wa kiwanjani asubuhi. Kwa hivyo hewa ya juu ilipata watu wa kuichunguza, na haijawahi kuwakosa tangu hapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, idara ikagawanywa, kila nchi ikachukua yake. Hewa ya juu iliendelea kupimwa. Ndege hazikuwa zimeacha kuruka.

Mteja wa tatu ndiye ninayempenda, kwa sababu karibu atufikie.

Muguga, ukiwa umepita Kikuyu, zaidi ya mita 2,000 juu, kulikuwa na shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki yote. Miaka ya 1950 mwanafizikia Charles Pereira na wenzake, akiwemo J. S. G. McCulloch, walikuwa wanahangaika na swali ambalo lilikuwa la pesa na la siasa kwa pamoja: ukikata msitu wa Mau kule Kericho upande chai, mito itakauka? Wakachagua mabonde mawili jirani, Sambret na Lagan. Moja lilikatwa sehemu likapandwa chai, lingine likaachwa msitu. Wakapima mvua inayoingia na mto unaotoka, mwaka baada ya mwaka. Kinachobaki ukitoa kimoja kwa kingine ni maji yaliyorudi angani kupitia majani na udongo.

Hapo nilisimama kidogo niliposoma mara ya kwanza. Sisi hufundishwa kwamba mvua inashuka na mto unaondoka, basi. Kumbe ardhi na anga ziko kwenye biashara isiyolala: maji, joto, kaboni, vumbi, vyote vinapanda na kushuka, na kinachobeba mizigo ni msukosuko wa hewa. Hewa inayotiririka kimyakimya, tabaka juu ya tabaka, haibebi karibu chochote kutoka chini kwenda juu. Inayojikoroga ndiyo hubeba.

Kukadiria maji hayo watu wa Muguga walitumia fomula ya Howard Penman, Mwingereza aliyeichapisha 1948: unachukua jua, joto, unyevu na upepo wa siku, unapata uvukizi. McCulloch akaitengenezea majedwali mwaka 1965 ili mtu wa Afrika Mashariki aitumie bila kuumwa kichwa. Ni kazi safi. Matokeo ya Kericho nayo yaliwashangaza wengi: chai iliyokomaa ilitumia maji karibu sawa na msitu.

Lakini ona fomula inakula nini. Wastani wa siku. Na kwa uvukizi wastani unatosha, kwa sababu maji mengi hupanda mchana, jua likiwa limechemsha ardhi na hewa ikikorogeka bila kupumzika. Usiku mchango ni mdogo, unaweza kuufumbia macho na hesabu isiharibike. Mteja alikuwa chai. Chai ilihudumiwa vizuri.

Shida ni kwamba kuna vitu ambavyo havifanyi kazi ya mchana. Udongo hupumua kaboni dioksaidi usiku kucha. Makaa hayaangalii saa.

Hebu tuingie kwenye usiku wenyewe.

Jua likizama, ardhi inaendelea kutoa joto kwenda angani lakini haipokei. Inapoa haraka, na hewa inayoigusa inapoa nayo. Sasa mpangilio wa mchana umepinduka: baridi chini, joto juu. Hewa baridi ni nzito, haina sababu ya kupanda. Ukijaribu kuisukuma juu inarudi chini, kama jerikeni uliyoijaza ukajaribu kuitupa ghorofani. Kwa hivyo hewa ya chini inajitenga na ya juu. Moshi wako unabaki kwako.

Mtu aliyeeleza vizuri mchuano huu ni Lewis Fry Richardson, mwaka 1920. Alikuwa Mkweka, mpinga vita, aliyeendesha gari la wagonjwa Ufaransa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka huo huo aliacha kazi ya hali ya hewa Uingereza kwa sababu ofisi yake ilikuwa imewekwa chini ya wizara ya ndege za kijeshi. (Wateja tena.) Richardson alisema: kuna nguvu mbili. Upepo wa juu unaokwenda kasi kuliko wa chini unataka kukoroga. Baridi nzito iliyolala chini inakataa kukorogwa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Namba ikiwa kubwa, msukosuko unakufa. Ikiwa ndogo, unaishi. Namba hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Ukiisoma haraka utadhani ni swichi, washa ama zima. Lakini fikiria kinachotokea msukosuko ukishakufa. Upepo wa juu, usiposhikwa tena na msuguano wa ardhi, unaongeza kasi. Tofauti kati yake na hewa iliyolala inakua, inakua, mpaka namba ya Richardson inaporomoka na mawimbi yanajikunja yakivunjika kama ya baharini. Tabaka linachanika. Kwa dakika chache kila kitu kinachanganyika: moshi unapaa, joto la juu linashuka. Kuchanganyika huko kunaipunguzia tofauti ya upepo nguvu, utulivu unarudi, na mzunguko unaanza upya. Ni kama kifuniko cha sufuria ya githeri kinavyotulia, kinaruka, kinatulia. Mfano wangu unachechemea, najua, kwa sababu githeri husukuma kifuniko kutoka chini, na hapa ngumi inatoka juu. Lakini sauti ni ile ile.

Wanasayansi walikuwa wanajua hizi kelele za usiku kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi waliziona kama uchafu kwenye data. Oktoba 1999 kundi kubwa lilikwenda Kansas, Marekani, likasimamisha mlingoti wa mita 60 kwenye uwanda wa nyasi, likaujaza vipimaupepo vinavyosikiliza hewa mara nyingi kila sekunde, likakaa mwezi mzima likiwinda usiku pekee. Ikaonekana wazi kuwa kwenye usiku mtulivu, sehemu kubwa ya biashara yote kati ya ardhi na anga inaweza kufanyika ndani ya mishtuko michache mifupi. Visababishi vilikuwa vingi: upepo wa kasi wa usiku, mawimbi, ulimi wa hewa baridi unaotambaa. Havipigi hodi.

Wanaopima kaboni ya misitu wana kero yao hapa. Usiku mtulivu vifaa vyao huonyesha kana kwamba msitu haupumui, kwa sababu kaboni imelala chini ya kifaa haijapanda. Desturi ni kutupa data za saa hizo na kujaza pengo kwa makadirio. Sina ugomvi na desturi hiyo kwa msitu. Huwezi kutupa saa za usiku za mtoto.

Turudi Nairobi, ambapo kuna jambo moja Kansas haina. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, mwaka mzima, Krismasi ama Julai. Kwingine kifuniko hufungwa mapema msimu mmoja na kuchelewa msimu mwingine, kwa hivyo nusu ya mwaka watu wanapika hewa ikiwa bado wazi. Kwetu kifuniko kina ratiba kuliko matatu. Kinaanza kushuka wakati ule ule Waiyaki Way imejaa magari, majiko yanawashwa kwenye veranda, mahindi yanageuzwa stejini, na takataka za siku zinachomwa pembeni ya mto kwa sababu gari la kaunti halikuja. Saa moja hadi saa tatu usiku ndipo moshi ni mwingi zaidi na mahali pa kwenda ni padogo zaidi. Kila siku. Simama darajani Kangemi usiku usio na upepo utaona bonde limevaa shuka.

Watu husema Julai ndiyo mbaya. Julai ni baridi, ndiyo, na wengi huingiza jiko ndani, jambo linaloua. Lakini mawingu ya Julai ni blanketi, yanazuia ardhi kupoteza joto lote. Kifuniko kigumu zaidi ni cha usiku mkavu wa nyota, Januari na Februari. Ndizo siku ambazo wakulima wa chai wa Limuru huogopa sakitu, ule umande ulioganda unaochoma majani. Mshtuko mmoja wa hewa ukiteremsha joto la juu unaweza kuokoa shamba. Unaona vile chai ina mteja hata gizani.

Katikati ya jiji mambo ni tofauti kidogo. Saruji na lami zinashika joto la mchana na kulitoa polepole, kwa hivyo mji hukaa na joto usiku kuliko pembezoni. Nakamura, Mjapani, aliandika juu ya joto la Nairobi miaka ya 1960, na R. E. Okoola wa Chuo Kikuu cha Nairobi akafuata 1980. Uchambuzi wa vituo vya jiji kuanzia 1966 hadi 1999 ulionyesha joto la chini kabisa la siku, yaani la usiku, limepanda kuliko la mchana. Maana yake Tom Mboya Street hewa hulala usingizi mwepesi, inakorogeka zaidi, ingawa magari yanailisha moshi wa kutosha kuifuta faida hiyo. Magharibi, penye nyasi na miti, ardhi inapoa upesi na hewa inalala fofofo.

Na sasa ile kuta. Lavington na Kawangware ziko chini ya kifuniko kimoja. Miti ya Lavington, ile ile inayofanya kodi iwe juu, inasaidia hewa ya hapo kupoa na kutulia. Tofauti ni kilichoko ndani ya sufuria. Upande mmoja gesi na stima, upande mwingine makaa na mafuta ya taa. Lakini mteremko unaelekea mashariki, na ukuta wa mawe wenye seng'enge haujawahi kuzuia hewa baridi inayofuata mto. Simpson alichora mistari kwenye ardhi. Angani haikushika.

Je, tunapima? Kidogo, na afadhali kuliko zamani. Michael Gatari na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamekuwa wakikusanya masizi ya jiji hili kwa miaka mingi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa vipima vya bei nafuu vilivyowekwa Tom Mboya Street, chuoni, na Nanyuki kwa kulinganisha, na si ajabu barabara ndiyo iliyoongoza kwa uchafu. Vipima kama hivyo vimeongezeka. Vinakuambia chembe ziko ngapi. Havikuambii kwa nini zimeshuka ghafla saa nane usiku na kupanda tena saa tisa, kwa sababu havisikilizi upepo.

Sheria nayo ina wastani wake. Kenya ilitoa kanuni za ubora wa hewa mwaka 2014, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema chembe ndogo kabisa zisizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo, kwa wastani wa saa 24. Chukua mfano wa kubuni: saa 20 za mikrogramu 10, halafu saa 4 za mikrogramu 100. Wastani unakuja 25. Ukiusoma ofisini utasema tumezidi kidogo, tujitahidi. Lakini hakuna mtu aliyevuta 25. Dada anayechoma mahindi alivuta 100 usiku wote wa biashara, na aliyekuwa na dirisha lililofungwa na jiko la gesi huenda hakuivuta hiyo 100 hata dakika moja.

Kinachohitajika kujua zaidi si siri. Mlingoti wa mita 10 juu ya paa la shule, vipimaupepo viwili vya kusikiliza hewa mara 10 kwa sekunde, kimoja chini, kimoja juu, kipima chembe pembeni ya kila kimoja, na mtu wa kuvilinda visiibwe. Kimoja Kawangware, kimoja Kangemi upande wa mto, kimoja Lavington. Viachwe Januari na Februari, halafu Julai. Kutoka Dagoretti Corner hadi Kawangware ni mwendo wa miguu, na saa tisa usiku, foleni ikiwa imeisha, ungefika na kurudi puto likiwa bado linapanda.